Siku Nyundo Iliponyamaza Raila

Zamani vijana wa Kibera waliondoka alfajiri kwa makundi, wakitembea hadi viwandani huku wakipiga gumzo, na siku hizi mtu anaketi kitandani, anafungua kompyuta, na kumbe tayari yuko kazini.

Jambo hilo Walubengo hakulikubali. Kwa miaka arobaini alikuwa akigonga masanduku ya bati pale Raila, kijiji kimoja cha Kibera, yale ya wanafunzi wa bweni, na kusoma alijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Kwake elimu ilikuwa na vumbi miguuni. Msichana Adhis, jirani aliyetengana naye kwa ukuta mmoja wa mabati, mzee alimbandika jina la Mkalia Nyumba.

Wapangaji wote wa ploti walimwona hivyo. Kwa malipo Adhis aliandika kwenye kompyuta mazungumzo ya mikutano ya watu wa mbali, kisha akasomea shahada papo hapo kitandani. Hakuhangaika na nauli, na alihakikisha mamake, Filister, anameza dawa zake za presha. Lakini mgongo ulimuuma, na kila aliyetoka alimwachia kitu: mtoto, ufunguo, sufuria jikoni. Si yupo tu?

Asubuhi moja Filister alikuja kwa Walubengo.

"Jaduong', mzee wetu, leo weka nyundo chini. Saa nne mpaka saa sita Adhis anahojiwa na walimu wake. Kelele ikizidi wanamkata, arudie mwaka."

"Mtihani wa kitandani!" Walubengo akacheka. "Na akifeli, atalaumu mto?"

"Atakulaumu wewe. Na mimi nitakuwa hapa nje, na mwiko."

Akaweka nyundo chini, akinung'unika. Ilipogonga saa nne, kimya kikaingia ambacho hakuwahi kukisikia kwenye kichochoro kile. Muuza omena alipita bila kunadi. Jirani mwenye redio aliizima. Watu walivua viatu kupita mlangoni.

Ndipo Nduta, mpangaji mwenzao, akatokea na sufuria ya maharagwe, mdomo umeshafunguka: "Adhii..."

Walubengo aliruka kama kijana. "Shh! Lete hapa."

"Wewe mzee, unajua kupika?"

"Nitajifunza leo. Toka!"

Akaiinjika sufuria kwenye jiko lake la kuyeyushia gundi na kukaa kando ya ukuta. Kulikuwa na tundu la msumari, alilolipiga mwenyewe zamani. Akachungulia.

Adhis alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na leso kiunoni chini ambako walimu hawakuona. Nyuma yake shuka safi ilificha vyombo. Nyuso tatu kwenye kioo cha kompyuta zilimuuliza, naye akajibu juu ya maji ya Raila: mfereji upi hukauka Jumanne, upi maji yake huuzwa na nani, wazee gani waliuchimba. Alitaja hata ule wa karibu na kanisa, uliozibwa zamani, ambao Walubengo alidhani umebaki kichwani mwake peke yake.

Mkalia Nyumba! Aliyajua mapito yote. Mzee akasogea karibu zaidi na tundu. Alishika mdomo wake asije akakohoa. Maharagwe yakaungua, akayaacha yaungue.

Saa sita Filister alipiga kigelegele, na kelele zote za Raila zikarudi kwa mpigo. Walubengo hakupiga nyundo tena siku hiyo.

Miezi michache baadaye mama na binti walihamia Kawangware, kwenye nyumba ya mawe yenye geti. Ukuta wa mabati ukabaki hauna mtu nyuma yake. Hiyo nayo ndiyo kazi ya kufanyia nyumbani: mtu huweza kuhama pamoja nayo, asiagwe na kiwanda wala na njia.

Siku moja Walubengo aliwafuata huko, na sanduku jipya la vitabu kichwani. Dirisha lilikuwa wazi. Adhis aliongea na kioo, Filister kando yake akichambua mboga polepole, jani moja moja, bila sauti. Mkono wa Walubengo, uliozoea kugonga, ulifika mlangoni ukasimama. Aliliweka sanduku kizingitini, akavua viatu, akaondoka kwa vidole vya miguu. Hakuwaona tena.