Bi Chupa na Kisima cha Dada Yake

Watoto wa mtaa ulio chini ya jalala ndio waliompa jina la Bi Chupa, likamganda kama gundi. Walikuwa wakimwona anateremka na sanduku lake la barafu begani, chupa zikigongana ndani, nao hutimua mbio mbele yake wakipiga kelele, "Bi Chupa kaja! Bi Chupa kaja!" Mwanzoni alidhani wanamshangilia. Baadaye akang'amua kwamba wanawatahadharisha wazazi wao.

Kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima vya watu. Jalala lenyewe lilifungwa zamani. Lilifukiwa udongo, likapandwa nyasi, likazungushiwa ua wa waya, na mgeni angeweza kudhani ni kilima kama vilima vingine, isipokuwa kwa mabomba yaliyochomoza juu yake kutoa gesi. Lakini taka hazifi kwa kufukiwa. Mvua ikinyesha, maji hupenya hadi kwenye mabetri, marangi na mafuta machafu ya miaka mingi, kisha hushuka polepole chini kwa chini kuelekea kwa majirani. Maji hayo hayana rangi wala harufu, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Mtu anachota maji maangavu, ya baridi, matamu mdomoni, halafu anakuja mwanamke mwenye glavu kumwambia asiyanywe.

Mwaka wa kwanza walimpokea vizuri. Walimtolea viti, wakamuuliza mashine yake inaonaje kitu kisichoonekana. Visima vya kwanza vilipopatikana na sumu, viti vikaadimika. Siku hizi walimwachia geti wazi, wakajifungia ndani. Akitupa jicho dirishani aliona pazia linatikisika. Fundi baiskeli wa pale kona peke yake ndiye aliyemtania bado. "Bi Chupa, pita mbali na mimi," alisema, "usije ukanipima ukakuta nimeshaoza!" Walicheka wote wawili, na siku nyingi hicho ndicho kilikuwa kicheko chake pekee kutwa nzima.

Hakujaliwa mume wala mtoto. Alipanga chumba na sebule ghorofani, mahali ambapo majirani walijuana kwa viatu tu, vile vilivyoachwa mlangoni. Akirudi jioni alifungua redio kabla hata ya kuwasha taa. Chakula alikula amesimama, kando ya jiko, kwa sababu kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja kulimtia uvivu.

Jumapili ndiyo iliyombeba wiki nzima. Jumapili alikwenda kwa dada yake, Mama Pacha. Mama yao alipofariki, Bi Chupa angali binti mdogo, huyu dada alikuwa ameshaolewa, akamchukua na kumlea pamoja na pacha wake mwenyewe. Mpaka leo, mvi zote zile kichwani, dada alimwita Kitinda, maana yeye ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mume wa dada alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na pacha walikuwa watu wazima wanaofanya kazi mji mwingine. Basi kina dada hao wawili walikaa kibarazani mchana kutwa, wakamsengenya huyu na yule, wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za kanga.

Magoti ya Mama Pacha yalianza kumsumbua. Pacha wakamsihi auze nyumba ahamie kwao. Alikataa, akakataa, mwisho akakubali. Mnunuzi akapatikana, mwalimu mstaafu na mkewe, watu wastaarabu, waliopenda ule uwanja na kisima chake kilichowekewa pampu. Yalikuwa yamebaki ya kutiliana saini tu.

Wakati huohuo, visima vya uchunguzi vilivyochimbwa kando ya ua wa jalala vilionyesha kwamba maji machafu yamesogea mbali kuliko walivyodhani. Mkuu wake wa kazi akaongeza nyumba za mteremko wa chini kwenye mzunguko wa kupima. Bi Chupa alipoiona nyumba ya dada yake kwenye orodha, aliiwekea kidole.

"Hapa ni kwa dada yangu," alisema. "Mpeleke mwingine."

"Mwingine yupi?" mkuu wake alijibu, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mchovu tu. "Tumebaki wewe na mimi, na mimi siwezi kutoka ofisini. Andika kwamba ni nduguyo, kisha fanya kazi yako."

Akapiga moyo konde, akaenda. Ilikuwa siku ya kazi, na Mama Pacha alipomwona getini na sanduku lile begani, uso ulimbadilika.

"Leo umenijia kama mdogo wangu au kama Bi Chupa?"

"Dada, nimetumwa."

"Najua umetumwa." Mama Pacha alimshika mkono, akamsogeza upande wa nyuma, lilikokuwa tangi la maji ya mvua. Akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Jaza chupa zako hapa. Maji ni maji. Nikishaondoka, pima unavyotaka."

"Atakayehamia atayanywa, Dada."

"Na mimi nimeyanywa miaka yote hii! Nimekufa? Wewe mwenyewe umekulia maji hayahaya, tazama ulivyonenepa!"

Bi Chupa aliinamisha macho, akaanza kuvuta vidole vya glavu. Mama Pacha akaachia mkono wake, akampa kisogo na kuingia ndani akiburuza miguu.

Akabaki peke yake uwanjani. Aliwasha pampu, akayaachia maji yamwagike mpaka yale yaliyolala bombani yaishe. Akatumbukiza kipimo, akangoja namba zitulie. Kisha akajaza chupa kubwa, na zile ndogo za kioo ambazo hazitakiwi kubaki na hewa hata chembe. Akazigeuza juu chini kukagua, akaona kipovu kinacheza. Akatupa, akachukua chupa nyingine, akajaza tena, kipovu tena. Kazi aliyoizoea kama kufunga vifungo vya blauzi, siku hiyo mikono ilimkataa. Alipomaliza alipiga hodi mlangoni kuaga. Hakuitikiwa.

Jumapili iliyofuata alikwenda kama kawaida, majibu ya maabara yakiwa bado. Mama Pacha alimfungulia, akamtengea kiti chake. Walizungumza habari za magoti na za mjukuu mtarajiwa. Kisha chai ikaletwa, ikamiminwa kikombeni, ikatoa mvuke mbele yake.

Alikuwa akiinywa chai ya nyumba ile tangu utotoni. Hakukusudia lolote. Ila mkono wake, ulipofika kwenye mshikio wa kikombe, ukasita, kitambo kidogo tu, kama mtu anayejaribu joto. Alipoinua macho alikuta dada yake anamwangalia.

"Kunywa," alisema Mama Pacha. "Au na mimi umeshanipima?"

Akakinyanyua kikombe, akanywa yote bila kukitua, ikamwunguza ulimi hadi kooni. Lakini lililoonekana lilikuwa limeshaonekana. Siku hiyo mazungumzo yaliisha kabla jua halijashuka, na njiani kurudi aliulaumu mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine.

Majibu yalipotoka, kisima kilikuwa kimeingia kemikali ya viwandani, ile ya kusafishia vyuma na nguo, kiasi ambacho hata kuchemsha hakusaidii. Mkuu wake alimwambia taarifa itapelekwa rasmi, yeye asijitese. Akajibu kwamba dada yake hatapelekewa habari hii na mtu asiyemjua. Akaenda kwa miguu, mikono mitupu, bila sanduku.

Alimwambia kibarazani, polepole, neno kwa neno. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa juu ya nyumba na mnunuzi. Mama Pacha hakugusa hata kimoja kati ya hivyo. Alisugua magoti, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo Bi Chupa hakuwahi kuisikia kwake:

"Tangu lini?"

"Hatujui, Dada. Hakuna aliyepima zamani."

"Pacha wangu niliwakorogea uji kwa maji haya. Nikiwachemshia, mimi mjinga, nikijua nawalinda."

"Hukuwa mjinga. Nani angejua?"

"Na wewe nilikunywesha." Mama Pacha alisimama, akajishikiza ukutani. "Nenda nyumbani, Kitinda. Nenda, siwezi kukutazama."

Bi Chupa alifika getini, akageuka nyuma. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Mwalimu mstaafu alijitoa, akaomba radhi sana. Maboza ya maji safi yakaanza kupita mtaani, watu wakapanga ndoo, na kila mtu alitaka kujua nani aliyeleta balaa hili. Jumapili mbili tatu Bi Chupa alikwenda akagonga geti. Alisikia miguu ikiburuzwa ndani, kisha kimya. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akaacha kwenda. Jumapili sasa alifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Habari za dada yake kuhama alizipata kwa pacha wa kike, aliyempigia simu. "Mama mdogo, mama yuko kwetu. Tumepimwa sote, madaktari hawakuona kitu, wamesema turudi mwakani. Na wewe nenda ukapime."

"Anasemaje kuhusu mimi?"

"Hakuzungumzii, mama mdogo. Hata ukitajwa anainuka. Ila ametuma funguo za nyumba. Amesema mtu wa maji atahitaji kuingia."

Mtu wa maji. Alilitafuna neno hilo siku nyingi. Lakini funguo zilifika, zimefungwa ndani ya soksi ya mtoto, naye akazipokea.

Nyumba ikawa tupu, ila kisima kiliendelea kupimwa kila msimu. Bi Chupa alikuwa akifungua geti lile, anawasha pampu, anasimama uwanjani peke yake akiyatazama maji yakimwagika, maangavu kama siku zote. Mtaa ukaja kuvutiwa bomba la mji, watu wakapoa, fundi baiskeli akaanza hata kumwita "mwenyekiti", eti bomba kalileta yeye. Majibu ya kisima yalishuka kidogo, yakapanda, yakashuka tena. Udongo hauna haraka.

Msimu mmoja, baada ya mvua, yuko katikati ya kujaza chupa ndogo, simu ikatetemeka mfukoni. Namba ya dada yake. Chupa ikamponyoka, ikavunjika miguuni pake.

"Uko kwangu?" sauti iliuliza, bila salamu.

"Niko, Dada."

"Paa la nyuma linavuja?"

Bi Chupa alizunguka nyumba, simu sikioni. "Halivuji. Ila bati moja limeinuka."

"Nilijua. Mwambie fundi aligongee." Nyuma ya sauti yake kichanga kikalia. Huyo ndiye mjukuu, ameshazaliwa, na Bi Chupa hakuambiwa. "Haya," alisema Mama Pacha. "Endelea na kazi yako."

"Mtoto anaitwa nani, Dada?"

Lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Alisimama nayo mkononi mpaka kioo chake kikazima, akijaribu kukumbuka kile kilio kilikuwa cha mvulana au cha msichana, kana kwamba kilio husema. Kisha akaokota vigae vya kioo kimoja kimoja, akavaa glavu nyingine, akajaza chupa upya. Alipofunga geti alikwenda kwanza kwa fundi wa mabati, akamwelekeza bati lilipo. Baada ya hapo alilipandisha sanduku begani na kushuka kwenye nyumba inayofuata, ambako walikuwa wamemwachia geti wazi, na ndani hapakuwa na aliyeitikia hodi.