Jumamosi za Baba Kwenye Vidio

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kumlilia jirani yetu wa zamani, yule mwenye vidio. Kama ulikulia kwenye avenyu kama yetu, huhitaji kuelezwa vidio ni nini. Kwa wengine niseme tu kwamba ilikuwa sebule iliyobomolewa ukuta wa kati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, antena uani pana kama sufuria ya harusi, na jenereta iliyokohoa nyuma ya choo. Hapo ndipo watu wa upande wetu walipoangalia mpira wa Uingereza. Sasa ile sebule ni ghala la makaa. Niliketi chini pamoja na wamama wengine, nikalia, na nikiri kwako kwamba nilimlilia jirani kidogo tu. Machozi yaliyobaki yalikuwa ya baba yangu.

Jumamosi ilikuwa na sauti yake. Mama alisonga bukari, ugali wetu, mapema, sombe ya majani ya muhogo ikichemka pembeni, na kaku, bibi yangu mzaa baba, aliyeletwa Katanga kutoka Kasai na mume aliyeajiriwa migodini, alinung'unika kwamba wanaume wamerogwa na wazungu wanaokimbizana. Alasiri jenereta ikiwaka, avenyu nzima ilijua. Mlangoni mama mmoja aliuza munkoyo wa baridi, kinywaji cha mahindi na mizizi, na karanga za kuchemsha. Ndani, mashabiki wekundu walikaa kushoto, wabuluu kulia. Baba alikuwa mwekundu. Alikuwa karani wa kampuni ya madini, mtu wa shati lililopigwa pasi, msemaji wa polepole, lakini timu yake ilipofunga aliruka mpaka viatu vikamtoka.

Kisha mishahara ikakatika. Baba alisubiri, akasubiri, halafu akalivua lile shati na kwenda kubeba chokaa kwenye tanuru dogo la mtu mmoja upande wa Kakontwe. Alirudi jioni mweupe kope mpaka vidole. Siku moja gunia la chokaa mbichi likapasuka begani mwake, likammwagikia usoni. Wenzake walimwosha kwa maji machache waliyobeba ya kunywa. Aliletwa nyumbani juu ya baiskeli, kitambaa machoni, na hakulia. Aliyelia ni kaku.

Jicho la kushoto lilikufa upesi. La kulia lilijikokota kwa miezi. Mama alifunga na kuomba, mchungaji wake akampaka baba mafuta, kaku akachemsha majani ya kwao. Mwishowe mama aliuza cherehani, kitu pekee kilichokuwa kinatulisha, akampeleka Lubumbashi kwa daktari wa macho. Daktari alimgeukia mama, akamweleza kwa Kifaransa, polepole, kana kwamba baba hakijui, kwamba wamechelewa. Baba alikijua Kifaransa kuliko mama.

Tangu siku hiyo alikigeuza kiti chake kuelekea ukutani. Hakutaka kula, hakutaka kunyolewa. Jioni moja nilimwona mama akiifungua kamba ya kuanikia nguo, akaikunja, akaificha chini ya godoro lake. Tukawa tunaanika nguo juu ya majani. Hakutuambia kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo Jumamosi moja jirani akaingia uani.

"Mukubwa, kuya tuende. Leo bekundu banacheza na babuluu."

"Nitaangalia na nini?" baba akamjibu, uso ukutani.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimekaa nachambua mboga za lenge-lenge, na sijui nilipata wapi ujasiri.

"Baba, minye nitakuambia."

Akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwapo. Nikasogea, nikaushika.

Mwanzoni nilitangaza kitoto. "Mwenye upara amempa yule mrefu." Baba akanibana bega. "Apana. Niambie iko upande gani. Beki iko karibu naye, ao iko mbali?" Nikajifunza. Wanaume walipunguza kelele zao ili anisikie, hata wabuluu. Wekundu walipofunga, ukumbi ulilipuka kabla sijafungua mdomo, naye akanitikisa kama mwembe: "Nani? Nani njo amefunga?" Jioni ile aliomba bukari. Mama alikwenda jikoni, na nilimsikia akilia juu ya sufuria.

Ningependa kukuambia kwamba tuliendelea hivyo. Lakini njaa ilizidi, na mama akaamua kunipeleka kwa dada yake Lubumbashi ambako angalau ningekula na kusoma. Asubuhi ya kuondoka baba alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Sasa nani ataniambia?" alisema. Hakuwa ananiuliza mimi. Nililia juu ya lori mpaka Likasi ikapotea nyuma ya vumbi.

Baba alifariki masika ya mwaka uliofuata, kwa homa ambayo mtu aliyeshiba angeishinda. Nilifika ameshazikwa. Kwa miaka yote hii nimetembea na picha moja kichwani: baba yuko kwenye benchi, katikati ya makelele, haelewi kitu, na hakuna wa kumweleza. Picha hiyo imenifuata mpaka kwenye ndoa yangu, mpaka kwenye kuzaa kwangu.

Msibani nilimuuliza mjane wa jirani. Alinivuta mkono, tukakaa nyuma ya nyumba.

"Banaume balimuambiaka, kila mutu na siku yake," akasema. "Lakini ule mwaka bekundu balipigwa sana, mwanangu. Mara ya kwanza balimuambia kweli, akarudia kukataa chakula. Mama yako akakuya kwetu mbio, analia."

Basi wakakubaliana, wekundu na wabuluu pamoja. Walizima sauti ya televisheni, wakamwambia imeharibika. Wabuluu wakifunga, walijitia ngumi midomoni, waliuma kofia zao, wakakumbatiana kimya kimya. Aliyekuwa zamu ya kumtangazia siku hiyo alisema mpira umepita juu. Mwisho wa mchezo baba alirudishwa nyumbani mshindi.

"Naye aliamini?"

Mjane akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Siku moja, kabla ya ile homa, bwana yangu alikuwa anamurudisha. Baba yako akamuambia: 'Musinione minye mujinga. Nyumba inajaa batu, na kimya ya vile? Ile kimya njo goli. Nasikiaka yote.' Bwana yangu akataka kuomba pardon. Baba yako akamukatiza: 'Apana. Muendelee vile. Minye nakuyaka kusikia ile kimya yenu.'"

Kumbe alikuwa akienda kuusikiliza ule ukimya wao. Ungedhani habari kama hiyo ingenipumzisha. Hainipumzishi. Hakuwa peke yake, ndiyo, lakini alikuwa anajua kila kitu. Alibeba vipigo vyote vya msimu ule, na vya nyumba yetu, akatabasamu ili watu wale wasio na chochote wasione wameshindwa kumsaidia. Na mimi sikuwepo.

Wengi wa wanaume wale wamekufa, wengine wamemezwa na mashimo ya madini ya Kambove, wengine hawajulikani walipo. Mpira wa Uingereza bado upo, tena siku hizi unaonekana vizuri, hata nyasi unaweza kuzihesabu. Nilipokuwa natoka msibani, kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi na waya masikioni, aliruka ghafla akapiga kelele, "Goli!" Akatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyejua ni mechi gani. Akaketi, akainamia simu yake.