Nilimpangia mzee wa Wheaton safari za siku moja za Albania, ilipofika zamu ya kuondoka nikasema naogopa ndege

Habari za wakati huu wakuu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Jana niliona mdau anauliza kuhusu kutembelea Albania, nikaanza kumjibu, jibu likarefuka mpaka nikaona nilifungulie uzi wake. Yamenipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Kwanza niseme ukweli, Albania sijawahi kufika. Lakini niulize basi dogo la Gjirokastër kwenda Saranda linaondoka saa ngapi, nakujibu bila kufungua kitabu.

Tulieni, mtaelewa.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa naishi Wheaton, Maryland. Nilikuja na viza ya mwanafunzi, nikaanza chuo mji wa Columbia, hapo hapo Maryland, mambo yakaenda mrama, nikaacha. Ukiacha chuo na viza nayo inakuacha. Nikawa mtu asiye na makaratasi.

Walio huku wanajua maana yake. Kutoka Marekani unaweza siku yoyote, hakuna wa kukushika shati. Kurudi ndiko hakuna. Baba yangu alizikwa Njombe mimi nikiwa Wheaton, na nyumbani niliwaambia kazi imenibana. Kuna shangazi yangu mpaka leo hajanisamehe, na simlaumu.

Nilipanga chumba na Mkenya mmoja, Mwangi, mtu wa Nyeri. Yeye shifti zake za usiku, mimi za mchana, kwa hiyo tulikuwa tunakutana mlangoni, mmoja anavua viatu mwingine anavaa. Siku niliyohamia alinipa sheria moja tu.

"Boss, story ya papers zako usiambie mtu. Hata pastor. Wakiuliza, change topic."

Nikaishika hiyo sheria kuliko amri kumi.

Ubaya wake ni kwamba ukificha jambo moja kubwa, unakosa cha kuongea na watu. Jumapili baada ya ibada wanaulizana mwaka huu unashuka nyumbani lini, mimi nishafika kituo cha basi. Jumamosi nilikuwa naenda mall ya Wheaton, nazunguka ghorofa zote, narudi bila kusema neno na binadamu. Nilikuwa mpweke wakuu. Sijui niliweke vipi zaidi ya hapo.

Kazi niliyopata ilikuwa kumhudumia mzee wa Kialbania, nimwite Mzee Agim. Umri themanini kasoro, mjane, mikono inatetemeka, anatembelea fimbo. Mtoto wake mmoja tu, dada Drita, yuko Michigan, na ndiye aliyeniajiri kupitia mama mmoja wa kanisani. Napika, nampa dawa, namtembeza mpaka kona ya mtaa na kumrudisha.

Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima, tukaelewana. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akakubali kabisa.

Kwao ni Gjirokastër, mji wa kale uliopandishwa kwenye ubavu wa mlima, nyumba za mawe mpaka mapaa. Alitoroka kijana mbichi, kwa miguu, akavuka mlima kuingia Ugiriki, enzi ambazo kutoka nchini mwao ilikuwa jinai. Nchi ilipokuja kufunguliwa mke wake akawa mgonjwa, miaka ikapita hivyo. Sasa alitaka kwenda, wiki tatu, kabla miguu haijagoma kabisa.

Hapo ndipo daftari likaanza.

Mpango wake ulikuwa tukae miji miwili tu, Gjirokastër na Berat, na kila siku tutoke asubuhi turudi jioni kitanda kile kile. Mzee kama yeye habebi begi kila siku. Yeye anasoma, mimi naandika, kwa sababu mkono wake ulikuwa hausomeki. Ramani ilitandazwa kwenye meza ya jikoni tangu Septemba, tukawa tunakula pembeni yake.

Alikuwa na utaratibu wake na hakubali uguswe. Ukurasa mmoja, safari moja. Na unaanza kuandika KURUDI.

Nilimuuliza kwa nini tusianze na kuondoka kama watu wengine.

"Kuondoka kila mtu anaweza, kijana. Niambie kwanza tunarudi na nini, saa ngapi. Kama hujui, hiyo siyo safari ya siku moja."

Kwa faida ya mdau aliyeuliza, alikuwa na hoja. Kule kuna mabasi madogo wanayaita furgon, yanajaa na kuondoka alfajiri, na mchana mapema mengi yameshamaliza. Ukienda kushangaa magofu ya Butrint mpaka saa kumi, utalala huko na magofu yako. Mzee alikuwa na mtoto wa binamu yake Gjirokastër, tunampigia kwa kadi ya simu, yeye anaenda stendi kuuliza, wiki inayofuata tunampigia tena.

Na usiamini ramani. Mimi siku moja nilichukua rula nikapima Berat mpaka Përmet, nikaona pua na mdomo, nikampangia safari. Mzee alicheka mpaka nikamletea maji.

"Hapo katikati ni mlima mtupu. Itabidi uzunguke karibu nusu ya nchi."

Nami mtu wa Njombe nilitakiwa kulijua hilo. Makete unaiona iko hapo tu, halafu barabara inakuzungusha mpaka unamsahau uliyekuwa unamfuata.

Tulifika safari kumi na moja. Chemchemi ya Jicho la Buluu. Butrint. Bafu za maji moto za Përmet kwenye daraja la mawe. Monasteri ya Ardenica. Kila ukurasa chini kabisa aliniambia niandike: watu wawili. Nikajua wa pili ni Drita.

Katika kupanga kule tulikuwa tunapiga soga. Mara moja alinihadithia kwamba aliikosa harusi ya kaka yake Toronto, enzi za ujana. Nikamuuliza kwa nini, Toronto si hapo tu?

"Nilimwambia naogopa ndege."

Tukacheka. Mimi nikaliweka kichwani hilo kama kichekesho tu cha mzee.

Niseme bila aibu, ile miezi ya daftari ilikuwa mizuri kuliko yote niliyokaa Amerika. Nilikuwa naamka nikiwa na jambo la kumwambia mtu.

Mwezi wa pili Drita akapiga simu, mzee akaweka spika. Akasema tiketi ziko tayari kukatwa, Mei, wiki tatu, anahitaji jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti.

Mtu wa pili nilikuwa mimi.

Mzee ananiangalia anatabasamu, kumbe walishaongea. Drita akaongeza kwamba yeye kazini hawampi wiki tatu, kwa hiyo bila mimi baba yake haendi, hawezi kumwachia aende mwenyewe na fimbo.

Wakuu, nilitafuta uongo haraka haraka nikakosa. Wa shule? Anajua sisomi. Wa kazi? Kazi ni yeye. Nikachukua wa kwanza uliokuwa karibu mdomoni.

"Mzee, samahani. Mimi naogopa ndege."

Mtu aliyetoka Afrika kuja Amerika. Alikuja na nini, na miguu?

Mzee akakata simu. Halafu akasema "sawa", akafunga daftari, akaomba chai.

Drita alihangaika kazini kwake akapewa siku nane. Wiki tatu za mzee, alizozisubiri maisha yake yote, zikawa siku nane. Nililijua hilo na nikanyamaza. Mei wakaondoka. Mimi niliachiwa ufunguo niwe nachukua barua, na kila siku nilikuwa naingia, naweka barua mezani, nakaa kwenye kiti changu kama saa nzima bila kufanya chochote. Ramani alikuwa ameenda nayo. Meza ilikuwa kubwa sana bila ile ramani.

Nikamweleza Mwangi kilichotokea. Akatikisa kichwa.

"Huyo mzee ashajua. Akirudi ataambia msichana wake, na huyo msichana humjui. Toka huko mapema. Kuna watu Oxon Hill wanatafuta mtu."

Nikatoka. Nilimpigia Drita nikiwa tayari nimeshaanza Oxon Hill, nikasema nimepata kazi karibu na ndugu. Sina ndugu Oxon Hill. Sina ndugu Maryland nzima.

Mzee alirudi, akapiga, sikupokea. Akaacha ujumbe. Nilisikiliza mwanzo tu, sauti yake ikisema, "Kijana, Jumanne. Vaa viatu vya kutembea," nikafuta. Nilidhani anataka nimtembeze. Akapiga tena Jumatano. Sikupokea.

Oxon Hill nilikaa mpaka baridi ikaanza. Hakuna cha kusimulia, nilikuwa natoka kazini nalala.

Novemba yule mama wa kanisani akaniita, ana mzigo wangu. Drita alikuwa amepita kufunga nyumba ya baba yake, mzee amehamia kwake Michigan, na ameacha bahasha yenye jina langu na namba ya simu. Ndani ni daftari.

Nililifungulia kwenye benchi pale stesheni ya Metro Wheaton.

Walikuwa wamefanya safari nne kati ya kumi na moja. Kwenye kila ukurasa wa hizo nne, chini ya mwandiko wangu, mzee kwa mkono wake wa kutetemeka alikuwa amesahihisha. Jicho la Buluu: "Kutoka barabarani ni mbali, chukua maji." Butrint: "Basi la kurudi linasimama upande wa pili." Kana kwamba kuna mtu atakuja kulitumia baadaye.

Safari saba zilizobaki zilikuwa safi, hazijaguswa. Nyuma yake kukawa na ukurasa wa kumi na mbili ambao mimi sikuuandika. Nautafsiri kama ulivyo.

KURUDI: kabla jua halijazama. Supu ya maharage, kwangu.
KUONDOKA: Wheaton, saa mbili asubuhi, Jumanne. Treni ya Red Line. Shuka Farragut North. Tembea dakika sita.
MAHALI: mwanasheria wa uhamiaji. Ni mwanamke, hapigi kelele. Beba pasipoti, hata kama viza imekufa.
WATU: wawili.

Chini yake, kama alivyosahihisha zile nyingine:

"Nilikwenda peke yangu. Ngazi za umeme za Wheaton ni ndefu, shika upande wa kulia. Kutembea ni dakika kumi na tano, siyo sita. Nilisubiri mpaka saa sita. Kuna viti."

Na mstari wa mwisho:

"Mimi niliogopa ndege miaka kumi na moja."

Wakuu, nililia pale kwenye benchi mchana kweupe, watu wanapita. Kumbe naye aliishi bila makaratasi, na nilikuwa nimemdanganya kwa uongo aliouanzisha yeye mwenyewe. Angeujua hata akiwa usingizini. Na mzee wa fimbo, ambaye mimi nilikuwa namtembeza mpaka kona tu, alishuka zile ngazi peke yake kwa ajili yangu.

Jumanne iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikaenda na ukurasa ule mkononi. Yule mwanasheria alipoona jina langu alisema tu, "Nilitegemea mngekuwa wawili."

Jinsi kesi ilivyokwenda sitaieleza, kila mtu na yake, msije mkaniiga mkaumia. Ilichukua miaka.

Lakini siku ile niliporudi Wheaton nilipiga ile namba ya Michigan kabla sijavua koti. Drita akampa baba yake.

"Umerudi?"

"Nimerudi Mzee."

"Jua limezama?"

Nikachungulia dirishani. "Bado."

"Basi umepanga vizuri."

Hakuniuliza kwa nini sikupokea simu. Tuliongea kila Jumapili kuanzia hapo, miaka miwili, mpaka alipofariki.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama makaratasi yako yana shida, usimtangazie kila mtu, Mwangi hakukosea kote. Ila mtafute mmoja umwambie. Mimi niliogopa kuripotiwa na mtu aliyekuwa amenishikia kiti.

Makaratasi yalipotoka nilikwenda Njombe kwanza, kwenye kaburi la baba. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri. Shangazi hakutoka nje.

Sasa nimekata tiketi ya Albania, mwezi wa tano. Zimebaki safari saba na nakwenda kuzimaliza. Karibuni kwa maoni, hata ya kunisema, nastahili. Na kama kuna mdau kapita kule karibuni, naomba anisaidie jambo moja, maana saa za kwenye daftari ni za zamani na kwenye ukurasa wa Përmet sijui niandike nini mstari wa kwanza.

Basi la mwisho la kurudi Gjirokastër linaondoka saa ngapi?