Sifa Mgongoni mwa Punda

Vyombo vya baharini vikipakwa sifa, yale mafuta ya papa, wapitao huziba pua. Mimi husimama nikanusa.

Nilipokuwa mdogo, punda mmoja alianguka na magunia ya chokaa mbele ya mlango wetu, na mwenyewe akamwacha hapo hapo. Mgongo ulikuwa kidonda kitupu, nzi wamejaa. Mama, ambaye mchana hakuwa akitoka nje, alijitanda buibui akatoka na ndoo ya maji. Tangu hapo kila alasiri alimpaka sifa kwa kitambaa, akimsemesha kama mgonjwa wa nyumbani. Punda hakutikisa hata sikio. Mimi nilikuwa nikimwekea mkono puani nijue kama bado yu hai.

"Bi, mwache afie ndiani," jirani alimwambia kutoka barazani kwake. "Fadhila ya punda ni mateke."

Mama alichovya tena kitambaa katika kopo la sifa.

Alasiri moja kitambaa kiligusa kidonda, na mguu ukaruka. Kopo likagonga ukuta, sifa ikatumwagikia sote wawili. Nilimtazama Mama kwa hofu. Alikuwa ameketi chini, buibui limelowa, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Amepiga teke!"