Mkono Niliofundishwa Kuufungua

Mkono niliopewa kazi ya kuurudishia nguvu ndio ulionivunja taya. Nalisema hilo mwanzo kabisa, usije ukanisifu kwa uvumilivu nisiokuwa nao.

Mume wangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale watoto wanayobeba wakienda shule za bweni. Kibanda chake kilikuwa mtaani kwetu Laini Saba, kando ya reli, na kutwa nzima mkono wake wa kulia ulishika nyundo. Jioni ulihamia kwangu. Alinipiga miaka kumi na minne: kwa ugali uliopoa, kwa kujibu, kwa kunyamaza. Taya alilivunja Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani. Chumba chetu na cha jirani vimetenganishwa na bati moja tu; ukikohoa unaambiwa pole. Siku hiyo mama jirani aliongeza sauti ya redio.

Alikuwa na presha, na dawa za presha aliziita chakula cha wazee. Asubuhi moja nyundo ilimponyoka, akaangukia sanduku ambalo hakuwa amelimaliza. Kilikuwa kiharusi, wenyewe wanaita stroki. Hospitali ilimrudisha nusu mtu: upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda, maneno yamebaki mawili, “ndio” na tusi moja ambalo sitaliandika.

Kumpeleka kliniki kila wiki hakukuwezekana. Mtu mzima asiyesimama huwezi kumpitisha kwenye vichochoro vyetu na kumvusha mitaro bila wanaume wanne. Ndipo tukawekwa kwenye mazoezi ya simu. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, msichana mtaalamu wa viungo alipiga kwa video. Yeye anaelekeza, mimi nafanya. Hadi leo sijakutana naye. Nilimwita daktari, naye akaniita mama.

Simu yenyewe nilipewa na dada yangu, ambaye hufulia watu nguo huko Kawangware. Aliniwekea mkononi, kisha akanigusa kidevu pale mfupa ulipoungana vibaya.

“Hiyo mkono ndio wanataka uamshe?”

“Ndio hiyo.”

“We unanoa panga ya kukukata. Sasa nisikize. Siku ataiinua, usingoje ikuguse. Toka, kuja kwangu.”

Nikamwahidi. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Hawakusema lolote juu ya kuukanda kwa mafuta mara mbili kwa siku.

Miguu nilimfanyia kwa moyo wote, na sababu yangu ilikuwa mgongo wangu. Nilikuwa nimechoka kumbeba hadi kwenye beseni. Tulianza na kusimama kutoka kwenye kigoda huku ameshika kitanda, mara tano, kisha mara kumi. Daktari alihesabu kutoka kwenye simu niliyoiegemeza kwa chupa ya maji, nami nikamsukuma goti kwa goti langu. Baada ya miezi miwili alitembea na fimbo hadi mlangoni. Daktari akapiga makofi.

“Na mkono, mama? Mnafanya?”

“Tunafanya, daktari.”

Ulikuwa uongo mtupu. Mkono sikuugusa hata siku moja. Mume wangu alinitazama kwa jicho lake zima, akausikia uongo wote, na hakuwa na neno la kunishtaki. Nilifurahi. Nilikaa pale, nikafurahi kama mtu aliyeshiba.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mkono wa stroki ukiachwa haulali tu. Unajikunja. Kidole baada ya kidole ulijifunga, hadi Ijumaa moja daktari akasema, “Hebu nionyeshe mkono wa mzee.” Nikaisogeza simu. Ngumi ilikuwa imekaza kifuani pake, kucha zimezama kwenye kiganja, na ilinuka. Nilikuwa nimeinyima nguvu ile ngumi, kumbe nimeiacha ijifunge kabisa. Nililala nayo chumba kimoja, ngumi usiku na mchana.

“Mama, huu mkono haujafanyiwa chochote,” daktari akasema. “Leo tutaufungua pamoja. Anza na kidole gumba. Polepole.”

Nilianza polepole. Kidole gumba kikatii. Cha pili kikagoma, mume wangu akaguna, na mguno ule ukanipandisha kitu ambacho sikujua ninacho. Nilivuta. Akalia. Nikakipinda kiwiko nje, nikavuta tena kwa uzito wangu wote, goti langu likiwa kifuani pake. Alipiga mayowe ya mnyama. “Polepole! Mama, wacha!” daktari alipaza sauti. Sikuacha. Nitasema kweli: ilikuwa tamu. Machozi yake yalikuwa matamu, na nilitaka mengine.

Bati likagongwa. “Wewe! Utaua mzee wa watu!”

Ilikuwa sauti ya mama jirani, yule wa redio. Hakungoja jibu. Alisukuma mlango akaingia na wanaume wawili, mmoja akanikamata leso shingoni akanivuta hadi nikaanguka.

“Mwanamke gani anapiga mgonjwa!” mama jirani akasema.

“Na mimi nikipigwa mlikuwa wapi?” nilimwuliza. “Bati ni hili hili! Si ulinisikia?”

“Hiyo ilikuwa mambo ya nyumba yenu.”

Mwiko ulikuwa karibu. Nilimpiga nao begani, kisha kichwani, akaangukia beseni. Mwanamume mmoja akanizaba kofi, lile taya bovu likalia ndani ya sikio langu, nikaonja damu. Walimwinua mama jirani wakatoka naye, yeye akilaani ukoo wangu mzima hadi kule ziwani tulikotoka. Mume wangu alikuwa amejibana kwenye kona ya kitanda. Ananiogopa mimi.

Sauti ndogo ikatoka sakafuni. Simu ilikuwa imelala chali, inatazama paa.

“Mama? Uko hapo? Nani amepigwa?”

Nilikaa chini, nikamweleza. Nilianza na kofi la siku hiyo, nikarudi nyuma hadi Jumapili ya taya, hadi ugali wa kwanza uliopoa. Alisikiliza. Kisha akasema, “Mama, si lazima iwe wewe. Hakuna mtu mwingine?”

Alikuwepo shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, anayeishi Lindi, mtaa wa jirani. Nilimwendea siku iliyofuata. Alisema kumshikashika mgonjwa ni kazi ya wanawake, yeye atakuja kumpeleka kunyolewa.

Basi nikarudi kwenye mkono. Sikuwa nimemsamehe. Kiganja kilikuwa kinaoza, na utamu ule niliuogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mkono wenyewe. Kila siku nililowesha ngumi kwenye maji ya vuguvugu, nikaifungua kidole kimoja kimoja, nikahesabu hadi ishirini, nikakata kucha. Alipoguna, niliacha. Kila alipoguna niliacha, hata nikitaka kuendelea. Daktari alinifundisha kumwekea kitambaa mezani akisukume mbele na nyuma, kama mtu anayepangusa meza. Kitambaa kilianza kusogea chenyewe.

Ijumaa ya mwisho niliyofanya kazi ile kulikuwa na jua, mlango wazi. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimeshika simu ili daktari aone vizuri.

“Haya mzee,” daktari akasema. “Peke yako leo. Inua. Nyoosha vidole. Juu zaidi.”

Mkono ukainuka, unatetemeka. Ukapita kifua, ukapita bega. Vidole vikafunguka vyote vitano, na ngumi ikawa kofi, karibu na shavu langu.

Mwili wangu haukuniuliza. Nilijikuta sakafuni, mikono juu ya kichwa, magoti kwenye kidevu, simu imetupwa huko. Nilingoja. Miaka kumi na minne ilinifundisha kungoja.

Hakuna kilichokuja. Nilipofungua macho, mume wangu alikuwa ananitazama pale chini, na mkono bado uko hewani. Kuinua alifundishwa, kushusha kulikuwa bado. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akauvuta chini kwa nguvu, akauweka chini ya paja lake. Akaukalia.

“Mama?” daktari aliita kutoka sakafuni. “Sioni. Ameweza?”

“Ameweza,” nikasema.

Nilimwona alivyoukalia, na sijasahau. Lakini miguu nilikuwa nimempa tayari, na shemeji yuko Lindi, dakika chache tu kutoka kwetu; sasa zamu ni yake. Nilimshukuru daktari, nikakata, nikampigia dada.

“Ameinua,” nikamwambia.

Hakuuliza kama ilinigusa.

“Kuja,” akasema. “Nimeshaweka maji kwa moto.”