Tai Shingoni, Mjengoni Kawangware

Siku yangu ya kwanza kazini, kazi ilinikimbia. Nilisukuma lango la mabati huko Kawangware nikiwa na shati jeupe, tai ya kijani, viatu vilivyong'arishwa na bahasha ya vyeti kwapani. Kabla sijafungua mdomo, mtu mmoja juu ya ukuta akapiga kelele, "Kanjo!" Wanaume waliokuwa wakikoroga zege wakatupa sepetu na kuruka ua. Mmoja alitoweka kwa jirani huku karai bado liko kichwani.

Kanjo, kwa wasiojua, ni askari na wakaguzi wa jiji, watu wenye uwezo wa kusimamisha ujenzi wakikosa kuona kibali. Aliyebaki alikuwa nyapara peke yake, yaani msimamizi wa mafundi na vibarua. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine.

"Karibu inspekta," alisema, akinishika kiwiko. "Tuongee hapa kando. Chai yako iko."

Nilimshukuru kwa dhati. Nikamwambia nitaifurahia sana chai hiyo, kwa kuwa tangu jana sijatia kitu tumboni.

Akaniachia kiwiko. "Inspekta gani hajakula?"

"Mimi si inspekta, mzee. Nimekuja kuomba kazi. Nimeambiwa kuna mjengo."

"Na hii tai?"

"Nilidhani ni ofisi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akageukia ua. "Rudini, nyinyi! Ni Mbongo tu, anatafuta kazi!"

Vijana wanaosoma haya wataniona mjinga, na sitawapinga, ila wanipe nafasi ya kueleza. Kwetu Dodoma, mjengo ni jumba kubwa la kupendeza, na ukisikia fulani yuko mjengoni, ujue ni mbunge. Jirani yangu wa Kianda, huko Kibera, fundi aitwaye Wafula, aliponiambia, "Kuna mjengo Kawangware, wanataka watu," niliona mbele ya macho yangu lifti na sekretari. Nairobi, mjengo ni mahali pa kujenga. Ni tope, kokoto na jasho. Nilikuwa na shahada ya Kiswahili kutoka chuo kikuu, na nilikuwa nimepotezwa na neno la Kiswahili.

Shahada hiyo ndiyo iliyonileta Nairobi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Wakenya wanahitaji mtu wa kuwanyooshea lugha, na kwamba wangelipa kwa furaha. Mjomba wangu, aliyeniwekea nafasi ya kuendesha mashine yake ya kusaga, aliniambia nitarudi kabla mahindi hayajakomaa. Nikamjibu kwamba nikirudi nitakuwa na gari. Nilisema hivyo mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo mlango wa kurudi niliufunga mwenyewe na ufunguo nikautupa.

Shule za Nairobi hazikuwa na haraka nami. Mkuu mmoja wa shule alinisikiliza nikifundisha kipindi cha majaribio, kisha akaniita pembeni kwa huruma. "Mwalimu, wewe unaongea kama karatasi ya mtihani. Watoto wataogopa." Wengine walisema, "Tutakupigia." Niliyaamini maneno hayo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mwenye elimu, nikiibeba simu yangu kama yai.

Mwenye nyumba wangu pale Kianda alikuwa mzee wa Kinubi. Yeye peke yake ndiye aliyeitikia shikamoo yangu kwa marahaba iliyokamilika. "Lakini hii salamu iweke ya mimi tu," alinionya. "Huko nje watakucheka."

Kwa hiyo Nyapara aliponiuliza kama naweza kubeba karai, nilivua tai, nikaifunga kiunoni kushikilia suruali, nikasema naweza.

Nilianza kama mtu wa mkono. Huyo ndiye kibarua anayemhudumia fundi: humpelekea mawe, humpelekea zege, na hupokea lawama ukuta ukipinda. Niliambiwa saruji huku ni simiti na lipu ni plasta. Nilijifunza kukoroga, yaani kuchanganya mchanga, kokoto, simiti na maji kwa sepetu, ukiligeuza rundo kavu kwanza mpaka rangi iwe moja ndipo maji yaingie. Nilijifunza timazi, ule uzi wenye chuma mwishoni unaokuambia kama ukuta umesimama wima au unajidai tu. Mabega yalivimba. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena palepale.

Kilichonishinda kilikuwa kuongea. Fundi akiwa juu ya jukwaa la mbao nilimwambia, "Samahani kaka, naomba unipokee hili karai, tafadhali." Kufikia tafadhali, zege lilikuwa limeshaanza kumwagikia viatu vya mtu.

"Mbongo!" Nyapara alifoka. "Hapa hatuombi! Sema 'shika'!"

"Shika, tafadhali."

"Toa hiyo tafadhali!"

Vibarua wakaichukua. Siku nzima walikuwa wakipokezana mawe kwa sauti za kubembeleza. "Samahani mpenzi, naomba jiwe." "Bila samahani, mrembo wangu." Nilicheka nao. Kununa kungenipotezea nafasi.

Na nafasi ilikuwa jambo la kila asubuhi. Mimi na Wafula tulitembea kutoka Kibera kukiwa bado na giza, tukapita Ayany, tukavuka barabara ya Ngong, na tulipofika Kawangware tulipanga mstari nje ya lango. Nyapara alipita akichagua kwa kidole. Ambaye hakuguswa alirudi kwa miguu vilevile alivyokuja. Wiki zingine niliguswa kila siku. Zingine nilirudi Kianda jua likiwa bado changa, nikapita kando ya vibanda nikijifanya mtu mwenye shughuli mahali fulani.

Ndipo ikaja habari ya slabu. Slabu ni zege la sakafu ya ghorofa. Humwagwa kwa mfululizo, kwa sababu ukikatiza katikati na sehemu moja ikakauka, pale zinapokutana patakuwa na ufa utakaokuaibisha maisha yako yote. Kila kitu lazima kiwepo siku moja: watu, mashine, simiti na kokoto. Lori la kokoto halikuweza kupita kichochoro chetu. Njia pekee ilikuwa kupitia ploti ya jirani, mama mmoja aliyeitwa Mama Njeri, na Mama Njeri alikuwa amefunga geti lake kwa mnyororo. Wiki iliyotangulia alilalamika kuwa vumbi linaharibu nguo alizoanika, na Nyapara akamwambia afunge mdomo.

Injinia wa mjengo alikuja asubuhi ya siku ya kumwaga. Alikuwa mtu asiyepoteza maneno, aliyezungumza huku akielekeza penseli. Penseli ilielekea kwenye geti. "Lori lisipoingia leo, nafunga hii kazi mpaka mwezi ujao. Kila mtu aende nyumbani." Kisha ikaelekea kwa Nyapara. "Pamoja na wewe."

Mwezi ujao! Chumba changu kisingenisubiri mwezi. Ningefika Dodoma mahindi yakiwa mabichi, na mjomba angekuwa amekaa kibarazani akinisubiri kwa hamu.

Nyapara alituangalia mmoja mmoja, akanifikia. "Wewe Mbongo. Si wewe ndio unajua kuomba? Enda uombe. Na ukirudi bila geti, usirudi."

Nilikwenda nikiwa na uhakika. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu mpakani. Nikasimama nje ya geti, nikakunja mikono mbele kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Mama Njeri alikuwa akichambua maharagwe. Aliinua kichwa. "Sinunui kitu."

"Samahani sana kwa usumbufu, mama yangu mpendwa. Naomba, kama hutajali, na kama moyo wako utaridhia, unisikilize kidogo tu, maana najua una shughuli zako..."

Aliweka ungo chini, akaita upande wa pili wa ua. "Mama Brayo! Kuja usikie huyu! Ni wale wa mashamba!"

Mama Brayo akatokea na mwiko mkononi. Wakanisikiliza wote wawili, na kadiri nilivyozidi kulainisha maneno ndivyo nyuso zao zilivyozidi kukaza.

"Kiswahili kama hii," Mama Brayo alisema, "ni ya mtu anataka title ya ploti yako. Yule aliuzia Mama Kevo hewa aliongea hivi hivi."

"Hapana, mama zangu, naapa, mimi ni mtu mnyenyekevu..."

"Umesikia? Ati mnyenyekevu!"

Hapo ndipo chuo kikuu kiliponitoka mwilini. "Mama, mimi ni wa hapo kwa mjengo!" nilipiga kelele. "Nabeba karai! Lori lisipopita leo sina kazi, na bila kazi narudi kwetu kuchekwa!"

Mama Njeri akanitazama viganja.

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Hiyo porojo ingine yote ilikuwa ya nini?" Akaokota ungo wake. "Lori itapita. Lakini yule nyapara wenu, mwenye kuniambia nifunge mdomo kwa ploti yangu, akuje aombe yeye mwenyewe. Na aombe na hiyo Kiswahili yako. Yote."

Nilirudi na ujumbe huo. Nyapara aliapa kwamba hataomba mtu, akatupa kofia chini. Injinia aliinua penseli. Nyapara akaokota kofia.

Tulijificha nyuma ya rundo la mchanga, mimi na yeye, na huo ukawa mwanzo na mwisho wa kazi yangu ya ualimu Nairobi.

"Sema: naomba radhi, mama."

"Naomba Radhi. Radhi ni nani?"

"Si mtu. Ni msamaha."

"Si niseme pole?"

"Amesema yote, mzee. Sema: nilikukosea heshima."

"Nilikukosea..." Alijifuta uso. "Mbongo, hii maneno inauma. Nyinyi mnaongea hivi kila siku? Hata kwa bibi?"

"Hasa kwa bibi."

"Ndio maana mko pole pole."

Lori lilikuwa limeshafika, limezuia barabara, utingo akipiga mabati kwa kiganja na magari nyuma yakilia honi. Nyapara alisimama mbele ya geti na kuvua kofia. Kila kibarua alikuwa juu ya ukuta. Mama Brayo alikuwa amewaita wengine.

"Shikamoo, mama," alianza, ingawa nadhani walilingana umri. "Nilikukosea heshima. Naomba..." Akanitafuta kwa macho. Nikaunda neno kwa midomo. "Naomba radhi."

Mama Njeri hakuwa na haraka. "Na vumbi?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nyapara alivuta pumzi. "Tutamwaga maji kila asubuhi. Nguo zikichafuka, nitafua mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Tafadhali."

Tafadhali ile sikumfundisha. Aliiokota mwenyewe kutoka kwangu, siku zile alizokuwa akinikataza. Mama Njeri akatoa ufunguo kifuani, mnyororo ukaanguka, lori likaingia kinyumenyume huku utingo akipiga mbinja.

Tulimwaga slabu mpaka mikono yetu ikasahau kufumbuka. Wakati wa kunawa Nyapara alinipita bila kunitazama. "Kesho usipange laini," alisema. "Ingia tu."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa kwanza wa ajira, na hakuna uliofuata ulionifurahisha kiasi hicho. Nilipata kazi ya kudumu katika kundi lake, na karatasi zangu za ukaazi nikazinyoosha baadaye, kwa foleni ambazo sitawachosha nazo. Kutoka Kawangware tulihamia Ayany, ambako mwenye nyumba alibadili mawazo kuhusu ngazi mara nyingi hivi kwamba nilijifunza kuzibomoa kabla sijajua kuzijenga. Wafula alinifundisha kupanga mawe. Nyapara alipostaafu alimwambia Injinia amweke Mbongo mahali pake, "kwa sababu anaweza kutukana na kuomba, yote mbili." Nikawa nyapara. Nimejenga vyumba vya kupanga Lindi, ile ya Kibera, nimejenga kanisa Kianda, na kabla sijaanza kazi yoyote nilikwenda kwanza kwa majirani. Niliwaambia kwa sentensi fupi ninachotaka na kitakachowaumiza. Adabu niliiweka mwishoni, ikiwa bado inahitajika.

Mnaoingia mji wa ugeni mkitafuta kazi mtauliza nina ushauri gani. Sina mwingi. Vyeti vyenu vitunzeni, vina siku yake. Lakini sikilizeni maneno ya watu kabla ya kuwasahihisha, maana chakula chenu kimo humo.

Magoti yaliniomba nipumzike. Nimeacha kazi mwaka huu. Dada yangu wa Dodoma alipiga simu asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwangu, akaniuliza niko wapi.

"Niko nyumbani," nikasema.

Alipiga kigelegele. Nikamsikia akiwafokea watoto waondoe magunia kwenye chumba cha wageni, akimwita mtu amkamate jogoo, akiniuliza kwa nini nafika kimyakimya kama mwizi, niko kituo gani, nani anipokee. Ilinichukua muda kupata upenyo.

"Dada, nyumbani Nairobi."

Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea kulalamika.

"Sasa hapa tulipo sisi," aliuliza polepole, "ni wapi?"

Nikamwambia amwachie jogoo.