Kwa Kaka Steringi Hafi

Kaka yangu alikuwa na banda la video pembeni mwa Ifakara, njia ya kuelekea Katindiuka, na ndani ya banda lile steringi, yule mhusika mkuu, alikuwa hafi. Sisemi kwamba filamu zenyewe zilikuwa hivyo. Zilikuwa zinakuja na vifo vyake kutoka huko zilikotengenezwa. Ni kaka aliyekuwa anavikataa.

Asiyejua mambo ya banda nimweleze. Ni mabati, mabenchi ya mbao, televisheni kubwa, spika, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayekaa pembeni akieleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa kwenye picha. Sauti ya filamu inapunguzwa, ya kwake inapanda. Anamsemea mwanamume, anamsemea mwanamke, anamsemea mpaka mbwa. Watu wanamwita mtafsiri, lakini Kiingereza cha kaka kilikuwa cha darasa la saba, na hizo lugha nyingine ndiyo kabisa. Alikuwa anatazama nyuso, halafu anasema kile alichoona zinastahili kusema. Na nisimnyime haki yake, kazi hiyo aliiweza. Vibarua wa mpunga, wafugaji waliokuja mnadani, vijana wa bodaboda, wote walikuwa wanayapita mabanda mengine na kwenda kwake. Ana sauti nzito yenye huruma, ukiisikia unaamini. Mimi siku hizi siiwezi. Akinipigia simu naiweka mbali na sikio.

Sasa, kulikuwa na mgeni mmoja, mtafiti wa mbu, alikuwa anakuja bandani kutazama mpira. Siku ya kuondoka akamwachia kaka diski iliyojaa sinema. Akamwambia hizo ndizo ambazo mtu yeyote anayejiita mpenzi wa sinema lazima azione. Nyingi zimepata tuzo, na za zamani kabisa hazina rangi. Kaka akaibeba diski ile mpaka nyumbani kama amekabidhiwa mtoto mchanga. Nilikuwepo, tukaziangalia za mwanzo mwanzo pamoja. Jamani! Mtu anakunywa chai, anakunywa tu, kamera haiondoki. Mtu anatazama dirishani. Ngumi hakuna. Nikamwuliza kaka, "Hao waliotoa tuzo walimpa nani, hiyo chai?" Akanifukuza chumbani.

Lakini ukizizoea zilikuwa zinakushika. Kulikuwa na moja ya mama mpishi wa stesheni ya reli. Mwanawe amechukuliwa jeshini, na kila treni inapoingia yule mama anaacha sufuria jikoni anakimbilia nje kutazama wanaoshuka. Anazeeka hivyo hivyo. Mwisho anakufa amekaa kwenye benchi, treni inaingia, mtoto anashuka, anampita akidhani ni bibi kizee aliyesinzia. Mara ya kwanza kaka aliionyesha kama ilivyo. Mungu wangu, lilikuwa balaa! "Steringi anakufaje?" Mtu akapindua benchi, wengine wakadai kiingilio chao, mmoja akasema kaka anawaletea watu mkosi. Basi Ifakara nzima, au niseme upande wetu, ukimwuliza mtu filamu ya tuzo ni ipi alikuwa anakujibu: ni ile ambayo steringi anakufa.

Wiki iliyofuata kaka akairudia, na safari hii alikuwa amejipanga. Yule mama alipoinamisha kichwa, kaka akashusha sauti: "Amesinzia tu, jamani, amechoka. Huyo hapo mtoto wake anashuka. Amemwona! Anakwenda kumletea maji kwanza." Akazima hapo hapo kabla mtoto hajatoka nje ya stesheni. Watu wakapiga makofi. Mama yetu, ambaye kila Jumapili baada ya misa alikuwa na nafasi yake benchi la mbele, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kuanzia siku hiyo filamu zote za ile diski zikawa zinakwisha kwa namna ya kaka. Nikimtania anasema watu wana shida za kutosha nje ya banda. Hapo nilikuwa sibishani naye.

Baadaye mwaka huo nilikwenda Mngeta kuwapikia vibarua wa shamba la mpunga, na huko ndiko nilikopata habari kwamba mama anakwamwa na chakula. Ugali ulianza kumshinda, halafu wali, mwisho akabaki na uji. Kaka akampeleka hospitali. Wapime, wasubiri majibu, warudi tena. Siku ya majibu nesi akatoka mlangoni akauliza swali ambalo kila mtu wa kwetu analijua: "Ndugu wa mgonjwa ni nani?" Maana hapa kwetu mgonjwa haambiwi. Mgonjwa anabaki kwenye benchi na kadi yake mkononi, anaitwa ndugu, anafungiwa mlango na daktari, na ndugu akitoka ndiye anayemweleza mwenye mwili wake. Aliyeingia ni kaka.

Alichotoka nacho nakijua, kwa sababu mama alinisimulia kwenye simu kwa furaha kabisa. Daktari kasema ni kidonda tu cha kooni. Kinataka uvumilivu, kitajifunga, masika yakiisha atakula ugali wake na samaki. Mama akanieleza mpaka jinsi daktari alivyocheka, alivyogonga meza akisema, "Huyu mama ana nguvu kuliko mimi!" Nikamwuliza kaka, ni kweli? Akasema, kweli tupu. Nikaenda kanisani kushukuru.

Tatizo lilikuwa Mahenge. Mama na dada yake walizaliwa huko, na dada mtu hakuwahi kuondoka. Mama mkubwa ni kipofu, miaka mingi sasa, safari haziwezi. Kuna jambo kati yao ambalo sisi watoto hatukuambiwa. Tulijua tu kwamba kwa muda mrefu salamu zilikuwa zinapitia kwa watu. Mama alipoanza kuumwa akawa anarudia jambo moja: "Nina neno la kumwambia dada." Nikamwambia, mama, si upige simu? Akasema neno hilo si la simu, lazima akae naye, amshike mkono. Akamwomba kaka ampeleke mapema, kabla mvua haijaharibu barabara ya huko juu. Kaka akamwambia, "Subiri upone kwanza, mama. Ukienda umekonda hivi utamtia dada yako hofu. Masika yakiisha nakupeleka mwenyewe, unakwenda unatembea." Mama akakubali. Kwa nini asikubali? Daktari si alikuwa amecheka?

Mvua zikaanza, na sauti ya mama ikaanza kukwaruza. Nilidhani ni mafua. Halafu ikawa ya kunong'ona, inabidi nizibe sikio la pili nimsikie. Siku moja nikapiga simu nikasikia pumzi tu, na nyuma yake kaka anasema, "Mama anakusalimia, anasema yuko vizuri." Sikulala vizuri kabisa. Asubuhi nikaomba ruhusa, nikapanda gari la mpunga, tukakwama na kukwamuka mpaka Ifakara.

Nilimkuta mama amebaki macho. Nikambeba siku ile ile kwenda hospitali, na nesi alipouliza ndugu wa mgonjwa, safari hii nikaingia mimi. Daktari alikuwa dada wa makamo, amechoka, wala hakuwa na sura ya kugonga meza. Akafungua faili, akanitazama.

"Nyie mlikuwa wapi? Nilimweleza kaka yako kabla ya masika. Ni saratani ya koo, ilishasambaa, hapa tunampunguzia maumivu tu. Nikamwambia sauti itaondoka kabla yake. Kama kuna mtu anataka kuzungumza naye, nikasema, mpelekeni sasa."

"Alisema kuna mtu?"

"Alisema yupo. Akaniahidi angempeleka."

Nilitoka nje. Mama alikuwa kwenye benchi, amenikazia macho, anasubiri nimweleze. Nikakaa karibu yake nikamwambia yote, ugonjwa ni upi, umefika wapi, na kwamba daktari alishasema tangu zamani. Hakulia. Alinipiga ngumi pajani, ngumi isiyo na uzito, halafu akanyoosha kidole upande wa mto, upande wa Mahenge. Nikasema, "Ndiyo, mama. Tunakwenda."

Kaka nilimkuta bandani anafagia. Sikumsalimia.

"Ulimwambia nini mama?"

"Nilimwambia kile alichoweza kukibeba."

"Nani alikupimia? Mzigo wake, wewe ukapima kwa mabega yako?"

"Wewe ulikuwa Mngeta! Ungekuwa hapa ungeweza kumtazama mama usoni umwambie anakufa?"

"Nimeshamwambia. Leo, hospitali, kwenye benchi."

Ufagio ukamponyoka. Akakaa chini, kwenye vumbi lake mwenyewe, akalia kwa kwikwi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumgusa. Nilimwambia tu atafute gari.

Akapata Noah ya kukodi. Tukavuka daraja pale Kivukoni, maji chini yametanda mpaka hujui mto ni upi na mashamba ni yapi. Mbele barabara ilikuwa tope tupu. Kaka alishuka kusukuma mara sijui ngapi, akawa tope mpaka kwenye nyusi, na kila akirudi ndani mama anamwangalia, halafu anaangalia mbele. Nadhani alikuwa anamhimiza. Alikuwa bado hajakata tamaa, na hilo ndilo linaloniuma.

Mahenge kulikuwa na ukungu na baridi. Tulimkuta mama mkubwa kakaa kwenye mkeka sebuleni, amevaa gauni lake la kanisani. Tukapiga magoti, shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka, si sisi aliokuwa akitusubiri. Tukamkalisha mama mbele yake. Mama mkubwa akampapasa uso, akashuka shingoni, mkono ukasita pale penye uvimbe, ukashuka tena ukashika kiganja.

"Umekonda, mdogo wangu. Haya, nipo. Wameniambia una neno. Sema."

Mama akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemtoka, ikatoka pumzi.

"Mbona hasemi? Amekasirika bado?"

"Sauti imeondoka, mama mkubwa," nikasema. "Anakusikia, ila hawezi kuongea."

Kuandika mama hajui, hakuwahi kukaa darasani. Basi mama mkubwa akaanza kukisia. Ni lile shamba? Mama akatikisa kichwa. Nikasema, amekataa. Ni habari ya baba? Amekataa. Ni yule mtoto wangu wa kwanza? Amekataa, mama mkubwa. Ni siku ile ya mavuno? Mama akatikisa kichwa, machozi yanamdondoka kwenye mikono yao wote wawili. Mama mkubwa akakisia mpaka akaishiwa, akawa anarudia yale yale. Ndipo mama akamgeukia kaka. Alimshika shati, akamvuta mpaka uso wake ukawa karibu na mdomo wake, akawa anachezesha midomo, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutamka.

Mama mkubwa akasikia zile pumzi. "Ni nani huyo amemvuta?"

"Ni mimi, mwanao."

"Wewe si ndiye wanasema unawasemea watu kwenye video? Msemee mama yako."

Nilimtazama kaka. Nikasema moyoni, akithubutu, namzaba kibao hapa hapa mbele ya mgonjwa. Alikodolea ile midomo macho mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Sijui, mama mkubwa," akasema. "Sijui anachosema."

Mama akamwachia shati. Mama mkubwa akawa anasugua kiganja cha mdogo wake kwa kidole gumba.

"Sasa kwa nini hamkumleta alipokuwa anaongea?"

Kaka aliinuka akatoka nje. Kesho yake mchana mama akafa, mkono bado uko mikononi mwa dada yake, na tukamzika kule kule alikozaliwa.

Banda lipo, watu wanakwenda. Juzi kaka alikuja kwangu, akakaa, akazunguka zunguka maneno, mwisho akasema mama mkubwa anateseka bure. "Niache nimwambie kwamba mama aliniachia lile neno kabla sauti haijaisha. Nimwambie alisema amemsamehe."

"Amemsamehe nini?"

"Chochote kile."

"Na kama ni mama aliyetaka kuomba msamaha?"

Akafikiri. "Basi nitasema wamesameheana."

Nikasimama nikamfungulia mlango. Akaenda.

Jumapili mama mkubwa akapiga simu, mjukuu wake ndiye anayembonyezea namba, kila Jumapili anapiga. Akaniuliza kama nimekula, kama mvua zimeisha huku, halafu akaniuliza kama kuna kitu mama aliwahi kuniambia, hata utani, hata nusu. Nakiri kwamba kwa mara ya kwanza nilitamani kumpa kitu, chochote, roho yake itulie. Nikasema, "Hapana, mama mkubwa. Hakuniambia."

"Haya, mwanangu," akasema. "Ukikumbuka nipigie. Mimi bado nipo."